Kubadilisha au kufuta jina la mtumiaji bila kuharibu kumbukumbu zake

Assalamu alaykum. Msimu mmoja wa karafuu hapa Wete, karani mpya aliitwa aeleze magunia ambayo hakuyapima. Karani wa mwanzo alikuwa ameondoka, akaunti yake ikafutwa, na huyu akapewa jina lile lile: khamis.juma. Mapokezi yote ya mwenzake yakamwangukia. Pemba akina Khamis Juma hawana idadi; databesi inayomtambua mtu kwa jina ipo siku itamdhulumu.

Tunatumia MySQL, programu ya kuendesha databesi. Kwanza toa nakala ya data kwa mysqldump, amri yake ya kazi hiyo, na uijaribu kwenye kompyuta nyengine.

Pili, hesabu kabla hujagusa kitu (mapokezi ni jedwali la magunia yaliyopokelewa):

SELECT COUNT(*) FROM mapokezi WHERE karani = 'khamis.juma';

Andika jibu kwenye karatasi. Fanya hivyo kwa kila jedwali lenye jina hilo. Mimi nililisahau la marekebisho ya uzito, nikalifuatilia wiki nzima.

Tatu, badilisha yote kwa pamoja (watumiaji ni jedwali la akaunti, na id ni namba ya kila mtumiaji):

START TRANSACTION;
UPDATE watumiaji SET jina = 'khamis.wete' WHERE id = 14;
UPDATE mapokezi SET karani = 'khamis.wete' WHERE karani = 'khamis.juma';

Idadi iliyobadilika ikilingana na ya karatasini, COMMIT, yaani thibitisha. Ikipishana hata kwa moja, ROLLBACK, yaani rudisha yote yalivyokuwa.

Kufuta? Usifute. Weka kolamu ya hali, andika 'imefungwa', na jina lile asipewe mtu mwengine. Dawa ya kudumu ni mapokezi kubeba id badala ya jina, pamoja na FOREIGN KEY (kiungo cha jedwali moja na jengine) yenye ON DELETE RESTRICT, inayokataa mtumiaji kufutwa akiwa bado ana mapokezi. Hapo jina unalibadilisha pahala pamoja tu.

Maswali ya wanachama

Mkoani: Ustadh, nimeandika ROLLBACK, data haikurudi.

Jibu: Andika SHOW TABLE STATUS. Ukiona MyISAM (njia ya MySQL ya kuhifadhi jedwali), ndugu yangu, jedwali hilo halijui ROLLBACK. Rudisha nakala, kisha ALTER TABLE mapokezi ENGINE=InnoDB, ulihamishe kwenye njia inayoijua. Kabla ya MySQL 5.5, MyISAM ndiyo iliyokuwa ikiwekwa yenyewe.

Chake Chake: Si niweke ON DELETE CASCADE nipumzike?

Jibu: Ukimfuta karani, mapokezi yake yote yanakwenda naye bila kukuuliza. Mkulima atakuja na stakabadhi mkononi, na wewe huna cha kumwonyesha.

Micheweni: Na mtu akitaka jina lake liondolewe kabisa?

Jibu: Ni haki yake. Katika watumiaji futa simu na nywila, jina liwe 'karani-14'. Id ibaki, na kilo za wakulima zibaki.