Somo: Kabati la Zamani, Kopo la Rangi na Maua, Sebule ya Dar Ipendeze Bila Seti Mpya

Wapendwa wanachama, somo mliloliomba la kupamba sebule kwa samani za zamani hili hapa. Nimeliandika kwa hatua, ila hatua hazilingani: nyingine ni fupi tu, na ile ya kukagua nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndipo pesa za wengi zinapopotelea.

Kwanza niseme msimamo wangu. Sebule haihitaji vitu vya zamani vingi. Inahitaji kimoja chenye umbo lake, kabati la vyombo la vioo, meza ya cherehani ya Singer ya kukanyaga, au kasha la Kizanzibari kama umejaliwa, halafu vingine vyote vikipishe. Ukijaza sana, mgeni atauliza unahamia au unahama.

Hatua ya 1: Kutafuta

Anza kwa bibi na shangazi. Stoo za nyumba za Magomeni, Ilala na Temeke zina vitu ambavyo wenyewe wanaviona takataka: stuli, sinia za shaba, mabirika ya enameli, chemni. Omba kwa adabu, usichukue kimyakimya. Baada ya hapo wapo wanaohama wanaouza vitu vya ndani, minada, na mafundi wa mitaani ambao wateja walileta kitu kitengenezwe wasirudi tena. Keko, mtaa wa mafundi samani, ni kwa samani mpya zaidi. Mimi naenda kule kutafuta mikono ya fundi. Masoko ya Ilala na Karume usiende kutafuta makabati, nenda kwa mapazia na vitambaa vya meza vya mtumba, vile vya pamba nzito.

Kabla hujapatana bei ya kabati, uliza kwanza bei ya kirikuu (gari dogo la mizigo) au guta (la magurudumu matatu). Kuna mtu atalia amepata kabati kwa bei ya kutupa, kumbe usafiri wa kutoka Mbezi hadi Mbagala umeimeza nafuu yote.

Hatua ya 2: Kukagua kabla ya kutoa hela

Usikague mbele, mbele pamepakwa. Zunguka nyuma, chomoa droo, kilaze chini uone miguu. Pembe za droo zikiwa zimekatwa meno yanayoingiana, aliyeitengeneza alikuwa fundi kweli. Zikiwa zimepigwa misumari tu na gundi, bado unaweza kununua, ila bei ishuke.

Chipbodi na MDF, zile mbao za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, vikishavimba kwa maji havirudi. Hakuna msasa wala rangi ya kuvirudisha. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini karibu na sakafu. Ukikuta pamefura na panamomonyoka, mshukuru muuzaji uende zako.

Kisha bungua, mdudu anayetoboa mbao. Matundu madogo ya mviringo peke yake si ushahidi, huenda mdudu aliondoka miaka mingi iliyopita. Tandika kitambaa cheusi chini ya kabati, ligonge kwa ngumi, liache usiku kucha. Asubuhi ukikuta vumbi jipya, jepesi, rangi ya maziwa, limeangukia kwenye kitambaa, mdudu bado yupo kazini. Hapo utahitaji dawa ya mbao: paka kwa brashi, na kwenye matundu ingiza kwa bomba la sindano lisilo na kazi nyingine, nje penye hewa, mkononi glavu. Usiliingize ndani mpaka harufu iishe. Kabati lenye njia za udongo za mchwa, ulizia kwanza nyumba lilikotoka kabla ya kuliulizia lenyewe.

Makochi ni kesi nyingine. Kunguni hukaa kwenye mishono na chini ya kitambaa kilichopigwa pini kwa nyuma. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kwenye mishono, achana nalo, au nunua fremu tu, uvue kitambaa na sponji vyote hukohuko kabla ya kupakia. Na msidanganyike na jua: kuanika kochi zima hakufikishi joto hadi ndani walipo. Godoro la mtumba sina ushauri zaidi ya usinunue.

Hatua ya 3: Kuamua kama upake rangi au la

Hapa ndipo tunapogombana na vijana. Geuza droo, kwangua kwa kisu mahali pasipoonekana, uone mbao yenyewe. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, mara nyingine na michirizi myekundu. Mvule huanza njano-njano na kuiva kadiri miaka inavyokwenda. Mkongo una wekundu. Hizi ni mbao ngumu za kwetu, na ukizifunika kwa rangi ya bluu umefunika kitu ambacho leo ungelipia pesa nyingi kukipata kipya. Zisafishe, pitisha msasa laini, paka mafuta ya mbao au vanishi, basi.

Paina na saipresi, hizi mbao za Mafinga tunazojengea kila kitu, plaiwudi, na MDF iliyo nzima: hizo pakeni mnavyotaka. Hata waridi, sitasema kitu.

Kitu ambacho tayari kina rangi ya zamani sana kichukulie kwamba huenda rangi ile ina madini ya risasi. Usikichome kwa moto wala usikisugue kikavu. Tumia msasa wa maji, lowesha, futa tope lake kwa tambara ulitupe, vaa barakoa, na watoto pamoja na mama mjamzito wawe mbali.

Hatua ya 4: Kusafisha na msasa

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha tambara lenye spiriti kuondoa polishi ya miaka yote hiyo. Rangi haishiki juu ya mafuta. Acha kikauke hasa, kisiwe kikavu cha kushika tu.

Msasa una namba, na namba ikipanda ndivyo unavyokuwa laini. Namba 80 ni kwa mahali rangi ya zamani inapobanduka tu. Sehemu nyingine anza na 120, malizia na 180 au 240. Sugua kufuata mistari ya mbao. Ukiikata, mikwaruzo itajitokeza chini ya vanishi na huna pa kuificha. Nyufa ziba kwa pati ya mbao, ikikauka ipitie tena.

Hatua ya 5: Praima, kisha rangi

Msiruke praima, ile rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Narudia kwa wale wa kubana matumizi: msiruke praima. Mninga na mvule zina utomvu wenye rangi, na mtu akipaka rangi nyeupe ya maji moja kwa moja, baada ya siku chache madoa yanapenya juu, kahawia kama chai iliyomwagika. Unapaka tena, yanapenya tena. Dawa yake ni praima ya mafuta au shelaki (aina ya vanishi), ambayo inafunga ule utomvu, ndipo rangi ikae juu. Basi kama umerithi kitu cha mninga kilichokwisha pakwa na huwezi kukivua chote, hiyo ndiyo njia.

Rangi ya mafuta ni ngumu na uchafu wake unafutika kwa urahisi, ila nyeupe yake huwa ya njano ikikaa penye giza, kwa hiyo ndani ya kabati au kwenye korido usiitegemee ibaki nyeupe. Rangi ya maji haigeuki hivyo, lakini ile ya ukutani ni laini kwa samani, lazima uifunike kwa vanishi angavu ya maji. Paka mikono (yaani matabaka) miwili au mitatu myembamba badala ya mmoja mnene. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa wa 240 kwa wepesi, futa vumbi.

Msimu nao una neno. Juni hadi Septemba hewa ni kavu kidogo na kazi inakwenda vizuri. Wakati wa masika rangi inashikika mkononi kwa muda mrefu kuliko kopo linavyosema, kwa hiyo ongezeni subira. Fanya kazi asubuhi umande ukishaondoka, kivulini. Ukipaka juani, juu panakauka kabla ya chini na rangi inatoa malengelenge. Milango ya kabati usiifunge haraka, itagandana na fremu. Na kwenye njia za droo usipake kitu: sugua kipande cha mshumaa, itateleza.

Kuhusu rangi gani: mwanga wa Dar ni mkali. Nyeupe kabisa inaumiza macho saa sita mchana, hasa juu ya vigae vinavyong'aa. Mimi napenda rangi ya maziwa, kijani kilichopauka, au bluu ya bahari ya Kunduchi asubuhi. Kijivu kinachotamba kwenye picha za Ulaya hapa, chini ya taa nyeupe, kinafanya sebule ionekane zahanati. Badilisha balbu uweke ya mwanga wa njano kabla hujailaumu rangi.

Kuna wanaopenda kuchakaza kingo kwa msasa ili kitu kionekane kizee. Sawa, lakini Dar itakuchakazia bure, subiri tu.

Hatua ya 6: Vyuma

Wakazi wa Kigamboni, Msasani na kote karibu na bahari, bawaba za chuma zitaota kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi. Loweka za zamani kwenye siki, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, paka mafuta. Ukinunua mpya, chukua za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Shaba iliyofifia isugue kwa ndimu na chumvi au ukwaju, kisha suuza sana, la sivyo inageuka kijani.

Hatua ya 7: Maua

Mawaridi ya dukani mengi hutoka nyanda za Arusha na hayalipendi joto letu. Kata shina kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, yaweke mbali na feni na mbali na sinia la ndizi na maembe, maana matunda yanayoiva hutoa hewa inayoyazeesha maua.

Lakini kwa nini tuhangaike na waridi? Tuna asumini, mlangilangi, vilua na mrehani. Asumini za jioni, chache, kwenye kisahani chenye maji juu ya lile kabati lako, mgeni atanusa kabla hajaona. Bogenvilia hunyauka haraka kwenye maji. Ining'inize kichwa chini ikauke, rangi inabaki. Chombo kiwe birika la enameli lililomeguka mdomo. Kama linavuja, tumbukiza chupa ya jemu ndani.

Na hili la lazima: badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, na usugue chombo kwa ndani. Mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia, hutaga ukutani mwa chombo, na mayai yanaweza kukua hadi mbu kwa wiki moja hivi. Dar tuliuona mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Visahani vya chini ya vyungu vimwageni pia.

Maswali ya wanachama

*Mama wa mapacha, Tabata:* Dada, kabati langu ni MDF lenye ngozi ya plastiki, imeanza kubanduka kwenye kona. Naweza kupaka?

Unaweza, mama, mradi halijavimba. Iliyobanduka ibandike kwa gundi na uzito juu yake, au ivue yote. Pitisha msasa wa 180 hadi mng'ao uishe, kisha praima ya kushikia sehemu laini, waulize wauza rangi watakupa. Kama ni miguu tu iliyofura, fundi aikate akuwekee ya mbao.

*Kaka wa Mbagala:* Nimepulizia vanishi siku ya mvua, imetoka na ukungu mweupe. Nimeharibu?

Hapana kaka. Unyevu umenasa ndani. Subiri siku kavu, puliza thina nyembamba sana juu yake, mara nyingi ukungu unaondoka. Ukikataa, msasa wa 240 na mkono mpya.

*Mpangaji, Sinza:* Shikamoo. Mwenye nyumba hataki misumari wala rangi ukutani, na chumba ni kimoja.

Marahaba mwanangu. Kioo kikubwa chenye fremu ya zamani kiegemeze ukutani, chini ukizuie kisiteleze. Stuli moja uipake rangi, khanga mbili ushone foronya za mito. Ukihama unahama navyo.

*Mdau wa Kigamboni:* Vitambaa nilivyopakia mafuta ya mbao nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki jikoni, ni sawa?

Vitoe sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Mafuta ya mbao, hasa ya kitani, yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

*Mjukuu, Kariakoo:* Bibi ameniachia kasha la Kizanzibari lililopigwa misumari ya shaba. Nilivue nipake upya?

Usiguse kwa msasa, na rangi usiifikirie kabisa. Futa vumbi kwa brashi laini, shaba isugue kwa tambara kavu tu, maana ndimu itadondokea kwenye mbao iache alama. Kama bawaba imelegea, tafuta fundi aliyewahi kushika makasha. Ndani weka karafuu chache kwenye kitambaa, ila angalia kwanza vijidroo vya siri pembeni, makasha mengi yanavyo.