Somo: Kupunguza taka kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa wenzetu wa Tabora na Kigoma

Wadau, wengi wetu tukisikia urejelezaji tunafikiria lile pipa la karatasi mlangoni. Pipa ni la mwisho. Karatasi nyeupe tunayochapia hapa Tabora imeshushwa bandarini Dar ikasafiri zaidi ya kilomita 800 kutufikia. Ukiikata vibaya kisha ukaiuza kwa kilo, inapanda tena lori kurudi ilikotoka. Bora isiharibike kabisa, ndiyo maana naanzia mezani kwa mpanga kurasa.

Hatua ya 1: Chora mkato kabla ya kumpa mteja bei

Chukua shiti ya sentimita 61 kwa 86. Vipeperushi vya A5 (14.8 kwa 21) vinatoka 16. Mteja akija na kipimo chake cha 16 kwa 22, kwa sababu tu anataka chake kiwe kikubwa kuliko cha jirani, safu zilizonyooka zinakupa 10. Ukigeuzageuza vipande kwa ujanja unafika 13, na mkata karatasi atakununia siku nzima. Nakala 10,000 zinakula shiti 625 kwa kipimo cha kwanza na 1,000 kwa kile cha safu zilizonyooka, bado hujahesabu shiti za kupasha mashine, yaani za kujaribia kabla rangi haijatulia. Mweleze mteja tofauti hiyo kwa shilingi. Ukianza na habari za misitu, atakuitikia tu kwa heshima.

Ule ukanda mrefu unaobaki pembeni nao upangiwe kazi palepale: tiketi, lebo za asali, vijitabu vya kumbukumbu. Ukisema "tutautafutia matumizi baadaye", utaukuta chini ya meza mwakani.

Hatua ya 2: Karatasi ikae kwenye kifungashio

Kiangazi chetu hewa ni kavu. Rimu iliyofunguliwa mapema inapoteza unyevu, kingo zinajikunja, mashine inavuta shiti mbili kwa mpigo na rangi hazikai mahali pake. Masika inafyonza unyevu na kuvimba. Kisha fundi mashine ndiye analaumiwa. Funga, inua juu ya mbao, weka mbali na ukuta. Za kupasha mashine ziwe zile zilizoharibika jana; mpya ziingie mwishoni, rangi ikishatulia.

Hatua ya 3: Wino

Kwa mashine ya rangi moja, panga kazi za siku kutoka nyepesi kwenda nzito: njano kwanza, nyeusi mwisho. Hapo unaosha mara chache. Kwenye kopo chota wino juujuu kwa usawa, usichimbe shimo katikati, kwa sababu kila ukuta wa shimo utashika utando na utando unatupwa.

Hatua ya 4: Kuosha rola

Hapa ndipo pana hatari kubwa. Bado wapo wanaoosha kwa petroli. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, na mvuke wake unatosha kushika moto kwa cheche ya swichi. Acheni.

Kwangua kwanza wino wote kwa kisu chake. Mimina mafuta kidogo ya alizeti kwenye rola, acha mashine izunguke mpaka wino ulegee, ondoa, ndipo upitishe dawa ya kuoshea mashine kwa kiasi kidogo. Denmark walikuwa wakiosha mashine za uchapaji za ofseti kwa mafuta ya mimea tangu miaka ya 1990, siyo jambo geni.

Matambara yaliyotumika yaingie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na usiku lisibaki ndani karibu na karatasi. Mafuta yanayokauka kwa kuvuta oksijeni hutoa joto, na lundo la matambara hayo linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti.

Hatua ya 5: Dawa ya kuoshea pleti

Pleti ni bamba linalobeba maandishi ya kuchapwa, na dawa yake ni alkali kali. Iliyotumika ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye maandishi. Chombo cha alumini hapana: inakila na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Atakayeichukua awe na kibali cha serikali cha taka hatarishi. Dumu moja halimleti mtu Tabora, hivyo viwanda viwili vitatu viungane.

Hatua ya 6: Sasa pipa

Nyeupe isiyochapwa peke yake, iliyochapwa peke yake, maboksi peke yake. Ukichanganya, yote inauzwa kwa bei ya ile mbaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau, Nzega: Mabaki tunawapa kina mama wa karanga wafungie. Kuna shida?

Jibu: Iliyochapwa usimpe. Mafuta ya madini yaliyomo kwenye wino yanahamia kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto au chenye mafuta. Mwambie mama anunue karatasi ya kufungia chakula.

Mdau, Ujiji: Mkuu, huku mawese tele. Siwezi kuyatumia badala ya alizeti? Na maji ya pleti tunamwaga mtaroni, yanaishia ziwani.

Jibu: Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda. Yatakuachia utando kwenye rola na wino wa kesho utakataa kushika. Pikia maharage. Kuhusu mtaro, simamisha leo. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470 na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo kinakaa muda mrefu mno.

Mdau, Sikonge: Majalada yenye ngozi ya plastiki?

Jibu: Wanunuzi wa karatasi wanayakataa. Shauri wateja wachukue vanishi pale isipolazimu plastiki.

Mdau, Urambo: Pleti za zamani nauza chakavu. Nimesikia wafuga nyuki wanazitaka.

Jibu: Kweli, zinaezeka vizuri juu ya mizinga ya kisasa, mvua haipenyi. Osha mpaka wino na dawa vitoke vyote, upande uliochapwa utazame juu, pleti isiguse masega. Zilizobaki uza: kuyeyusha alumini chakavu kunatumia takribani 5% ya nishati ya kutengeneza mpya. Ila pleti ya fomu za shule zinazochapwa kila muhula usiiuze. Ipake gamu (utomvu wa kuilinda), itundike kavu, andika jina la kazi nyuma.