Kumwagilia maua ya ndani bila kulowesha saloni

Jumapili iliyopita mama yangu mdogo anayekaa mtaa wa Himbi, hapa Goma, aliniita. Ua lake la saloni (sebuleni), spatifilamu yenye majani mapana, lilikuwa limelala kabisa, majani yameangukia ukingo wa chungu. Na alikuwa amelimwagilia asubuhi ile ile, na jana yake, na juzi.

"Baba, maji inapita tu, haikai," akaniambia.

Akamimina kopo moja nione. Kabla sijahesabu hadi kumi, maji yalishatoka chini, yakajaza kisahani, yakateremka kwenye kabati la televisheni, yakaenda kutafuta ralonji, ule waya wa kurefusha umeme, iliyolala sakafuni. Tulichomoa umeme kwanza, ndipo kazi ikaanza. Ninayaandika haya kwa mpangilio tulioufuata siku ile. Kama na kwako maji yanapita tu, nenda moja kwa moja hatua ya nne.

Hatua ya 1: Safisha mahali

Ondoa vitambaa, chomoa ralonji, usogeze mbali. Ua lisikae juu ya televisheni wala juu ya kitu chochote chenye waya, hata kama panapendeza.

Hatua ya 2: Uliza udongo

Siku za wiki hazikusaidii. Mwezi wa saba, jua kali na vumbi, chungu kinakauka haraka. Mwezi wa kumi na moja mvua ikinyesha kila mchana, chungu kile kile kinaweza kukaa siku kumi bado kina unyevu.

Mimi natumia kijiti cha mishikaki. Kichomeke taratibu mpaka karibu na chini, hesabu hadi thelathini, kivute. Kikitoka na udongo mweusi umekigandia, subiri. Kikitoka kisafi na kikavu, mwagilia. Kidole pia kinafaa, lakini kinafika juu tu, na shida nyingi ziko chini. Halafu nyanyua chungu. Baada ya wiki chache mkono wako utajua uzito wa chungu chenye maji na uzito wa chungu chenye njaa, na kijiti hutakihitaji tena.

Sanseveria, lile ua la majani marefu magumu yaliyosimama, iache ikauke kabisa, kisha ingoje siku kadhaa zaidi.

Hatua ya 3: Maji na chombo

Wengi wetu tunanunua maji kwa bidoni ya lita 20, yametoka ziwani na kupandishwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) au mgongoni. Maji ya Kivu yana madini mengi, na ndiyo maana ukoko mweupe hujijenga kwenye ukingo wa chungu na juu ya udongo. Ukoko ule ukiuacha ulundikane, ncha za majani zinaungua. Ukwangue na kijiko pamoja na udongo wa juu kidogo, weka udongo mpya.

Mvua iliyotoka kwenye bati ni laini zaidi, ila hapa Goma ina sharti lake. Volkeno yetu, Nyiragongo, ikipuliza moshi kuelekea mjini, mvua inashuka na asidi na floridi ya moshi ule. Drasena (ua la shina kama mti mdogo, majani marefu), na lile ua la majani membamba yenye mistari myeupe, hazivumilii floridi: ncha zinakauka na kuwa kahawia. Siku hizo, hizo mbili nazipa maji ya bomba.

Maji uliyooshea mchele au kulowekea maharagwe yatumie, mradi hayana chumvi, mafuta wala sabuni. Maji ni pesa.

Chombo ni birika la chai lenye mdomo mrefu, mwembamba. Kopo linamwaga mkupuo mmoja, linachimba shimo katikati ya udongo na kurusha matone meusi ukutani. Huna birika? Chukua chupa ya lita moja na nusu, pasha msumari kwenye makaa, toboa matundu manne kwenye kifuniko. Zile chupa za kupuliza ukungu sizitumii kumwagilia: zinalowesha majani na kuta, mizizi haipati kitu.

Hatua ya 4: Udongo unaokataa maji

Hapa ndipo nilipoteza ua langu la kwanza, na hapa ndipo mama mdogo alipokwama.

Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kupita kiasi unafanya mambo mawili. Unasinyaa, kwa hiyo unaachana na ukuta wa chungu na kuacha ufa mwembamba pande zote. Kisha wenyewe unaanza kuyasukuma maji, yanabingirika juu yake kama kwenye jani la mgomba. Ukimimina, maji yanakimbilia ufa, yanashuka ukutani, yanatoka chini. Unaona kisahani kimejaa, unadhani ua limeshiba.

Mimi niliendelea hivyo karibu wiki mbili. Majani yakalegea, na kwa kuwa kisahani kilikuwa na maji kila siku, nikaamini nimezidisha. Nikaacha kumwagilia. Likafa. Nilipoling'oa, udongo wa ndani ulikuwa unga mtupu, nikaupuliza ukaruka. Ua lililokufa kwa kiu na ua linalooza kwa maji yote mawili yanalegea majani, basi usiamue kwa majani peke yake. Pitisha ncha ya kisu kati ya udongo na chungu: ikipita bila kugusa kitu, una ufa.

Dawa ni kuyapandisha maji kutoka chini.

Chukua beseni, tia maji yafike theluthi moja ya kimo cha chungu. Kwa chungu cha kawaida ni kama lita 4 au 5, robo ya bidoni. Yasiwe ya baridi sana; yaliyolala ndani usiku mzima yanafaa. Toa kisahani, simamisha chungu ndani ya beseni. Kikiwa kikavu sana kitaelea na kupinduka, kishike kwa mkono dakika za mwanzo au kiegemeze jiwe zito. Utaona mapovu madogo yakipanda kando ya chungu: ni hewa inatoka, maji yanaingia. Kiache.

Baada ya nusu saa gusa udongo wa juu. Ukiwa umebadilika rangi na una ubaridi wa maji, umemaliza. Kikiwa kikubwa kitataka saa nzima au zaidi. Ongeza maji kama beseni limekauka, maana udongo wenye kiu unakunywa kweli. Ila usikiache kikalala humo usiku: mizizi inahitaji hewa, ikizama muda mrefu inaoza.

Mambo ya kuangalia, na yote yameshanigharimu:

Chungu kisicho na tundu chini hakiwezi kunywa hivi. Kitoboe kwanza, au hamisha ua.

Usitie maua mawili katika maji yale yale. Moja likiwa na mizizi inayooza au vidudu, umempelekea jirani yake. Maji yaliyobaki yamwage kwenye maua ya nje.

Chungu kinapotoka kwenye beseni ndipo uchafu wa siku unapotokea, kwa sababu kinachuruzika matope meusi njia nzima. Weka sinia kubwa karibu, nyanyua chungu hadi kwenye sinia, kisha beba sinia. Peleka nje kwenye ngazi, kiweke juu ya matofali mawili kichuje nusu saa.

Chungu ambacho hakinyanyuliki, toboa udongo kwa kijiti cha mishikaki sehemu kumi au zaidi, taratibu usikate mizizi, kisha mimina kidogo sana kwa birika. Ngoja robo saa. Mimina tena. Ngoja. Raundi ya tatu au ya nne utaona udongo umevimba na ufa umejifunga. Wapo wanaotia tone la sabuni ya vyombo ili maji yapenye. Mimi sitii, subira inafanya kazi ile ile.

Na usifanye beseni kuwa desturi ya kila wiki. Maji yakipanda kutoka chini kila mara, madini yanabaki juu ya udongo, na kwa maji yetu ya ziwa hayachelewi kuonekana. Udongo ukishakubali maji, rudi kumwagilia kwa juu.

Hatua ya 5: Kumimina

Zungusha mdomo wa birika ukingoni, polepole, ukiwa karibu na udongo. Simama tone la kwanza likitoka chini, ngoja dakika mbili, mimina tena mpaka yachuruzike vizuri. Chungu changu cha sentimita 20 kinakula kama lita moja. Kuonjesha vijiko viwili kila asubuhi kunalowesha juu tu, mizizi ya chini inabaki na kiu.

Sasa mawe. Kila nyumba ya Goma ina mawe ya volkeno, na karibu kila mtu anayaweka chini ya chungu "ili maji yashuke". Hayasaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo sehemu yenye tope inasogea juu, karibu na mizizi. Yapondeponde yawe kama punje za maharagwe, changanya sehemu moja kwa tatu za udongo, chungu kizima. Yale makubwa yapange ndani ya kisahani, chungu kisimame juu yake bila kugusa maji.

Hatua ya 6: Kisahani

Baada ya nusu saa mwaga kilichobaki. Kama chungu ni kizito, nunua farmasi bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, ufyonze maji humo. Hakimwagiki kitu.

Ua la mama mdogo lilikaa kwenye beseni dakika hamsini, likachuja kwenye ngazi, likarudi ndani saa tisa. Saa moja usiku akanipigia: majani matano yamesimama, mawili ya chini bado. Nilimwambia hayo mawili, yakigeuka njano, ayakate. Ralonji ameshaitundika ukutani kwenye msumari.