Kujiandaa kwa Maafa Lamu: Mpango Uanze na Maji Kujaa na Kupwa

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeweka huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa mikononi mwa serikali za kaunti, ingawa usimamizi wa maafa umetajwa pia miongoni mwa kazi za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo Lamu ina wajibu wa kuwa na mpango wake, na mpango huo hauwezi kunakiliwa kutoka kaunti ya bara kisha ukabadilishwa jalada. Kaunti ya bara hupima umbali kwa kilomita. Huku kwetu visiwani swali la kwanza ni kama maji yamejaa au yamekupwa. Mwongozo huu umekusudiwa maafisa wa wadi, wazee wa mitaa na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, kwa kuwa hao ndio watakaokuwapo kabla ya msaada wowote kuvuka.

Kazi ya kwanza ni kuandika saa. Chukueni kila makazi, kuanzia Kipungani na Matondoni hadi Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu, mwandike boti huchukua muda gani kufikisha mgonjwa katika hospitali iliyo karibu, iwe ni ile ya Faza, ya Mpeketoni au ya King Fahd iliyopo mjini Lamu. Andikeni muda huo mara tatu: maji yakiwa yamejaa, yakiwa yamekupwa, na usiku. Tofauti itakayojitokeza ndiyo kiini cha mpango. Njia ya Mkanda, iliyo kati ya kisiwa cha Manda na bara, huwa na maji haba yanapokupwa, na wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hali huwa ngumu zaidi. Kwa kuwa saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, ratiba iliyobandikwa ukutani mwezi uliopita haina faida leo. Habari hizi waulizwe manahodha, wala zisikadiriwe ofisini. Pale ambapo mgonjwa hawezi kuvuka kwa saa kadhaa, machela, dawa za huduma ya kwanza na mafuta ya boti yawekwe huko huko kabla ya shida kutokea.

Baada ya saa, pangeni misimu. Upepo wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, huleta ukavu na hukuza moto. Upepo wa kusi unaoanza mnamo Aprili huchafua bahari, na mvua za masika huandamana nao. Mafuriko ya mto Tana nayo huweza kuikata barabara ya Garsen, kama ilivyotokea katika mvua za El Niño za mwaka 2023, na barabara hiyo ikikatika, unga, mafuta na dawa hupungua hata kwa mtu ambaye hakuliona tone la mafuriko. Akiba ya bidhaa hizo ihesabiwe kabla ya mvua. Kuhusu ukame, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi. Zikionyesha hali inazorota, majabia ya vijijini, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, yakaguliwe na yazibwe nyufa mapema, si baada ya maji kwisha.

Moto unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu huwa hausubiri mtu kuvuka. Gari kubwa la zimamoto halipiti katika vichochoro vya Mkomani na Langoni, mitaa ya mjini Lamu, ambavyo punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Vifaa vinavyofaa ni pampu ndogo za kubebwa au kusukumwa kwa mkokoteni, mipira mirefu, ndoo na mchanga, vyote vikiwa katika ghala ndani ya mtaa wenyewe na ufunguo wake ukiwa kwa watu wasiopungua watatu wanaojulikana. Visima, matangi ya misikiti na sehemu za kuvutia maji ya bahari vitiwe katika ramani. Pampu inayotegemea bahari ipimwe maji yakiwa yamekupwa, kwani mpira uliotosha asubuhi huenda ukaishia kwenye matope jioni.

Kwenye nyumba za makuti, njia ya kuuzuia moto usienee ni kuezua paa la jirani ambalo halijashika bado. Hapa ndipo vijiji hukwama: mwenye nyumba hataki, kijana mwenye upondo, ule mti mrefu wa kuezulia, anaogopa kushtakiwa, na dakika zinapita. Kikao cha mtaa kikubaliane mapema ni nani mwenye kutoa amri hiyo na mwenye paa atafidiwaje, kisha maafikiano yaandikwe na kutiwa saini. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo moja ina thamani kuliko semina tatu za hotelini.

Kuhusu vyombo vya abiria, utaratibu unajulikana na kinachohitajika ni kuufuata: kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, wala lisirundikwe chini ya viti, orodha ya majina ibaki gatini, na nahodha awe na redio yenye chaneli ya 16, ambayo ndiyo ya dharura baharini. Nambari za simu 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ziandikwe kwa rangi ndani ya chombo.

Onyo lazima lifike kwa sauti ambayo watu wanaiamini. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra ilichukua saa nyingi kufika pwani ya Kenya, na mtu mmoja alikufa maji Malindi. Saa hizo zina maana tu iwapo ujumbe utatoka kwa Idara ya Hali ya Hewa, ukapita kwa kamishna na gavana, ukafika kwenye kipaza sauti cha msikiti, kanisa au shule. Uandikwe mfupi, ukisema hatari ni ipi, itafika lini na watu waende wapi. Na usomwe kwa lahaja ya mahali, Kiamu, Kisiu au Kitikuu, ili bibi aliyeko uani asihitaji kutafsiriwa.

Pesa ndizo huvuruga mipango mizuri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura, ambayo haipaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato yake yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Waziri wa fedha wa kaunti akishalipa, ana miezi miwili ya kuomba idhini ya bunge la kaunti. Hazina hiyo, hata hivyo, ni ya mambo ya haraka yasiyotarajiwa. Kusi hutarajiwa kila mwaka. Kununua jaketi au pampu kwa hoja ya dharura ni kukiri kwamba hamkupanga. Mahitaji hayo yaingizwe katika mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, ili fedha zipatikane mwaka wa serikali unaoanza Julai inayofuata. Kamati ya wadi inayoamka mwezi wa Mei imeshachelewa mwaka mzima.

Hatimaye fanyeni zoezi, na mchague siku mbaya kwa makusudi: usiku, maji yakiwa yamekupwa, mwenye ufunguo wa ghala akiwa amesafiri kwenda Mombasa. Mtu mmoja ashike saa na kalamu, aandike ni dakika ngapi zilipita kabla ya pampu kutoa maji na kabla ya boti kuondoka gatini, kisha dakika hizo ziingizwe kwenye orodha ile ya saa mliyoanza nayo, mahali pa makadirio.