Kabla ya kumpa mtu kifurushi chenu cha kwanza cha Debian akikague

Tuseme kikundi chenu cha Mwanza kimeandika kwa Python programu ya kurekodi magunia ya dagaa yanayopokelewa soko la Mwaloni, Kirumba, na sasa mmeifunga iwe faili la .deb, yaani kifurushi cha kusakinishwa kwenye Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Mkaguzi anayejitolea ana muda mchache. Msimwachie makosa ambayo kompyuta yenu ingeyagundua yenyewe.

Linaloangusha wengi ni tegemezi, yaani programu na maktaba nyingine ambazo programu yenu inazihitaji. Kwa mwandishi programu inafunguka vizuri, kwa sababu maktaba kama openpyxl aliiweka zamani kwa pip, kisakinishi cha Python, akasahau. Kwa karani wa sokoni inagoma. Kwa hiyo kijengeni kifurushi kwa sbuild, inayoanza na mfumo mtupu: kilichosahaulika kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika wakati wa kujenga, kitajulikana hapo hapo. Ila sbuild peke yake haitawaambia kilichokosekana kwenye Depends, yaani vitu vinavyohitajika programu inapotumika. Hapo hakuna njia ya mkato: tafuteni kompyuta iliyowekwa Debian upya, sakinisheni, kisha fungueni kila menyu. Amri ni

sudo apt install ./mwaloni_0.1-1_all.deb

Ile ./ msiiache, bila hiyo apt italitafuta jina hilo kwenye hazina ya mtandaoni badala ya folda mliyomo. Na dpkg -i haivuti tegemezi, hivyo itawapa makosa yasiyo ya kifurushi chenu.

Majaribio haya yanakula bando. Wekeni apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja ya kikundi, poti 3142. Kinachopakuliwa mara moja wengine watakichukua hapo.

Halafu endesheni lintian, programu inayokagua makosa ya vifurushi, kwa amri lintian -i -I juu ya faili la .changes linalotoka mnapojenga. Mistari ya E: (makosa) rekebisheni yote. Ya W: (maonyo) ipitieni mmoja mmoja, na mnaouacha muweze kuutetea. Mara nyingi jina na barua pepe kwenye debian/changelog havilingani na Maintainer wa debian/control. Wekeni DEBFULLNAME na DEBEMAIL kabla ya kuita dch, amri inayoandika changelog.

Leseni ni ya kila faili, picha zikiwemo. Picha ya dagaa iliyochotwa mtandaoni bila ruhusa inatosha kukizuia kifurushi kizima. Pigeni yenu, muitaje kwenye debian/copyright.

Kwetu sisi, jaribio lisilorukwa ni la kumbukumbu za watu. Sakinisheni 0.1-1, ingizeni mizigo mitatu, pandisheni hadi 0.2-1, mwone kama yote mitatu ipo. Karani akipoteza hesabu ya wiki hatarudi kuijaribu tena.

Mkaguzi mpeni .dsc (faili la maelezo ya chanzo) na matarball yake (msimbo wenyewe), mkimwambia mmejaribu Debian toleo gani na mnataka aangalie nini hasa. Makarani wapeni .deb kwenye flashi, na muwaombe wakikwama wanakili maneno ya kosa yalivyo, pamoja na jibu la dpkg -s mwaloni, ili mjue ni toleo lipi lililogoma.