Somo: Ragù ya Bologna, mchuzi wa nyama wa saa tatu

Ukifunua sufuria ya ragù iliyoiva sawasawa, unaona nyama kwanza. Nyanya utaitafuta. Ule mchuzi mwekundu unaomwagwa juu ya tambi katika mahoteli mengi na kuitwa "bolognese" ni chakula kingine. Unaweza kuwa mtamu, ila ukiupika Bologna, mji wa Italia, watakuuliza ni nini.

Si mzaha, kule wameyaandikisha mapishi yao. Tarehe 17 Oktoba 1982 Accademia Italiana della Cucina (taasisi ya mapishi ya Kiitaliano) iliyasajili katika Chemba ya Biashara ya mji huo, na mwaka 2023 wakayapitia upya. Tazama vipimo vya sasa: nyama ya ng'ombe gramu 400, pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe) gramu 150, nyanya ya kusaga gramu 200. Nyama inazidi nyanya zaidi ya mara mbili. Kwetu wengi tunageuza: nyama robo, nyanya sado nzima, halafu tunalalamika mchuzi una uchachu na tunautia sukari.

Unachohitaji, kwa watu sita

Nyama ya ng'ombe nusu kilo, mafuta yake au pancetta gramu 150, kitunguu kimoja kidogo, karoti moja, bua moja la seleri (vitatu hivi vilingane, kama gramu 60 kila kimoja), nyanya ya kusaga gramu 200, nyanya ya kopo kijiko kimoja cha chakula, mvinyo mkavu glasi moja, maziwa yasiyopunguzwa mafuta glasi moja, mafuta ya zeituni vijiko vitatu, supu ya mifupa isiyo na viungo kama lita moja ikae tayari ya moto, chumvi na pilipili manga.

Kuhusu nyama nitaongea kidogo zaidi, kwa sababu hapo ndipo chakula kinapoharibika kabla hata jiko halijawashwa. Usichukue steki. Steki ikikaa motoni saa tatu inakuwa makapi. Mwambie muuza bucha akupe shingo, kifua au muundi, mahali penye nyuzi na utando mweupe mweupe. Ule utando ndio unaoyeyuka polepole na kuupa mchuzi uzito wake. Ng'ombe wetu wa malisho, mwenye misuli migumu na mafuta haba, anafaa sana kwa kazi hii. Nyama isagwe mara moja tu kwa tundu kubwa. Ile inayosagwa mara mbili, laini ya sambusa, itageuka uji.

Hatua ya kwanza: mafuta na mboga

Katakata pancetta au mafuta ya ng'ombe vipande vidogo kabisa, uyayeyushe na mafuta ya zeituni kwenye sufuria nzito. Tia kitunguu, karoti na seleri vilivyokatwa vidogo vidogo kama punje za mchele. Moto uwe mdogo, dakika kumi mpaka kumi na tano.

Hapa mkono wa mpishi wa pilau utakuponza. Tumezoea kitunguu kiive mpaka kiwe kahawia. Ragù haitaki hivyo: kitunguu kilainike, king'ae, kibaki na rangi yake. Kikiungua, ladha ya kuungua itakaa humo saa zote tatu na hutaitoa.

Hatua ya pili: nyama

Ongeza moto, tia nyama, ivunjevunje kwa mwiko. Itaanza kwa kutoa maji na kuchemka kwenye maji hayo, rangi ya kijivu, haipendezi hata kidogo. Wengi hukomea hapo na kumwaga nyanya. Subiri. Maji yakauke yote, usikie mlio unabadilika: kutoka kutokota kwenda kukaangika. Mlio ule ndio ruhusa yako. Sasa iache ishike chini kidogo, igeuze, ishike tena, mpaka uone rangi ya kahawia. Kama sufuria yako ni ndogo, kaanga kwa mafungu mawili, maana nyama ikibanana haikaangiki, inachemka tu.

Hatua ya tatu: mvinyo, kisha nyanya

Mwaga mvinyo, kwangua ile kahawia iliyoganda chini, acha ukauke mpaka harufu kali ya kilevi iishe puani. Tia nyanya ya kopo na nyanya ya kusaga, koroga, halafu kikombe cha supu ya moto. Chumvi kidogo sana kwa sasa, kwani mchuzi utapungua na chumvi itabaki palepale.

Hatua ya nne: kungoja

Funika ukiacha mwanya. Unataka kipovu kimoja hapa, kingine pale, si mtokoto. Kwa gesi tumia jiko dogo kabisa, na moto ukiwa bado mkali weka kikaango kikuukuu cha chuma chini ya sufuria. Kwa mkaa ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: toa makaa mengi, yaliyobaki yafunike na majivu, na jiko litakaa hivyo muda mrefu. Kila baada ya dakika ishirini hivi koroga mpaka chini, na ukiona pamekauka ongeza supu kidogo.

Mapishi yaliyosajiliwa yanasema saa mbili, au tatu kutegemea nyama. Kwa nyama yetu, hesabu tatu. Katikati ya safari anza kutia maziwa, kidogo kidogo.

Imeiva lini? Mpishi yeyote wa huku anaijua dalili: mafuta yanajitenga na kupanda juu. Rangi itakuwa ya tofali, si nyekundu. Buruta mwiko chini ya sufuria. Njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, zima. Onja chumvi sasa, tia pilipili manga.

Hatua ya tano: pasta

Chemsha pasta kwenye maji mengi, gramu kumi za chumvi kwa kila lita. Itoe ikiwa bado ina kiini kigumu kidogo, iingize kwenye mchuzi pamoja na nusu kikombe cha maji yake, changanya motoni dakika moja. Jibini ya parmigiano juu. Kurundika pasta nyeupe kwenye sahani na mchuzi kileleni, hapana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Asalaam aleikum. Sisi nguruwe na mvinyo haviingii jikoni. Je, si itakuwa kima tu?

Waaleikum salaam. Haitakuwa kima, bibie, maana kima ina bizari na tangawizi na haikai motoni saa tatu. Badala ya pancetta tumia mafuta ya kifua cha ng'ombe. Badala ya mvinyo tumia supu, na mwishoni nusu kijiko cha ndimu kama unaona mchuzi umepoa ladha. Nyanya nayo ina uchachu wake. Utakosa harufu fulani, lakini kazi kubwa hufanywa na nyama iliyokaangwa vizuri na muda.

Mwanachama, Dodoma: Kitunguu saumu umesahau?

Sikusahau. Hakimo. Wala oregano, wala hoho, wala kiungo cha pakiti.

Mwanachama, Nairobi: Maziwa kwenye nyanya si yatakatika? Na yanafanya nini?

Yakimwagwa yote baridi kwa mpigo yanaweza kuganda vipande. Yapashe moto, tia robo glasi kwa wakati, yakipotea ongeza. Kazi yake ni kupunguza makali ya nyanya na kuufanya mchuzi uwe mlaini mdomoni. Katika mapishi ya 2023 ni hiari, lakini mimi siyaachi.

Mwanachama, Arusha: Nina spageti tu nyumbani. Nile au nisile?

Kula, dada. Ila utaona nyama inabaki chini ya sahani, kwa sababu spageti ni ya mviringo na inateleza. Bologna hutumia tagliatelle, tambi pana za mayai. Kipimo chake nacho kilisajiliwa, mwaka 1972, milimita 8 kwa upana baada ya kupikwa. Unaweza kuzitengeneza: unga wa ngano gramu 100 kwa yai moja, kanda dakika kumi, pumzisha nusu saa, sukuma kama chapati iwe nyembamba mpaka uone kivuli cha mkono, ikunje, kata. Kama ni kazi mno, nunua penne au rigatoni. Matundu yake yanashika nyama.

Mwanachama, Kampala: Nina sufuria ya presha. Saa tatu za gesi ni pesa, mwalimu.

Kweli ni pesa. Fanya hatua tatu za kwanza kama kawaida bila mfuniko, tia supu ya kutosha nyama isishike, funga, dakika 40 za presha. Fungua, tia maziwa, acha ichemke wazi nusu saa ipungue. Itafika karibu. Hiyo nusu saa ya mwisho usiiruke, maana presha haikaushi chochote.

Mwanachama, Eastleigh: Majirani zangu Wasomali wanapika suugo (mchuzi wa nyama) na baasto (pasta), naona ni hii hii.

Ni ndugu wa mbali. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia, pasta ikabaki, na Wasomali wakaifanya yao kwa mchanganyiko wa viungo wanaouita xawaash, wenye bizari nyembamba, giligilani na iliki. Inapikwa haraka zaidi. Mimi huila, ila siichanganyi na somo hili.

Mwanachama, Muscat: Nikipika kilo mbili naihifadhije?

Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Humo itakaa siku tatu, na siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. Nyingine itie kwenye mifuko ya friza, ilaze iwe bapa, igandishe. Itumie ndani ya miezi mitatu. Ukiipasha ongeza supu au maji kidogo, na iache ichemke kabisa kabla ya kutia pasta.