Kuandika vigezo vya kiwango cha lugha ya programu

Tuseme vijana wawili wa Moshi wanaunda lugha ndogo ya kukokotoa malipo ya wakulima wa kahawa kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao. Mmoja anaitekeleza kwa lugha ya programu ya C, mwenzake kwa ile ya Python. Kiwango chao, yaani hati ya kanuni za lugha hiyo, kinasema: "Kugawanya namba kamili kutatoa jibu sahihi." Salio la mkulima anayedaiwa ni −7, ligawanywe kwa 2. C, tangu kiwango chake cha 1999, hukata kuelekea sifuri: −3. Alama ya // ya Python hushuka chini: −4. Wote wawili wametii, ila mkulima ana majibu mawili. Kosa liko kwenye sentensi.

Kwa hiyo anzeni na maneno. Ukurasa wa kwanza useme maana ya "lazima", "inashauriwa" na "inaruhusiwa", kisha msiyachanganye tena. Hati iitwayo RFC 2119 ya 1997 ilifanya hivyo kwa viwango vya intaneti. "Sahihi", "haraka" na "kawaida" yafuteni kila mnapoyakuta.

Kila "lazima" ipewe jaribio lake: ingizo, tokeo, na namba ya kifungu. Sentensi ya juu igeuke hivi: "Hisa ya mgawanyo lazima ikatwe kuelekea sifuri; −7 kwa 2 ni −3, baki −1." Baki msilisahau, maana ndipo watu hutofautiana kimyakimya. Sentensi ikikosa jaribio linaloweza kufeli, hiyo ni nasaha. Ipelekeni kwenye maelezo.

Kisha mipaka, kwa tarakimu. Kilo 500,000 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 2,500,000,000, na namba inayohifadhiwa kwa biti 32 (tarakimu za 0 na 1), yenye alama ya chanya au hasi, huishia 2,147,483,647. Andikeni kwamba namba kamili lazima ibebe angalau biti 64, na ikizidi programu isimame na kutaja mstari. Fedha zisihesabiwe kwa desimali za mfumo wa binari: 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili.

Hamuwezi kubana kila kitu, wala haifai. Panapobaki wazi, semeni ni wazi kwa namna gani. C hutofautisha tabia ambayo mtekelezaji huchagua na kuiandika, anayochagua bila kuiandika, na ile ambayo kiwango hakiahidi chochote. Hilo la tatu ni hatari. Kwenye lugha ya malipo tungelifuta kabisa.

Kipengele kipya kisikubaliwe kabla hakijafanya kazi kwenye utekelezaji wa aina mbili. Kamati ya JavaScript hudai hivyo, pamoja na kufaulu majaribio ya Test262, mkusanyiko rasmi wa majaribio ya lugha hiyo. Kinyume chake, lugha ya C++ iliweka kipengele cha "export" ya violezo (templates) kwenye kiwango cha 1998. Karibu kompaila zote (programu zinazotafsiri msimbo) hazikuitekeleza, ikaondolewa 2011.

Toleo likibadilika, jaribio la zamani lisifutwe. Liandikieni tokeo jipya, namba ya toleo na sababu, ili mhasibu akiuliza kwa nini malipo ya msimu uliopita hayalingani, pawe na pa kumwonyesha.